Safari ya Kimya: Kutoka Mikoko ya Gazi hadi Msitu wa Ngangao

Na Katibu wa Safari, Chama cha Kiswahili

Kamati ya Chama imenipa kazi ya kueleza jinsi ya kupanga safari ya siku nne, safari ya kutazama maumbile na kuyasikiliza, kuanzia pwani yetu hadi Milima ya Taita. Nitaeleza hatua kwa hatua ili hata mwanachama ambaye hajawahi kushika kalamu ya kupanga jambo aweze kuchangia mkutano utakapoitishwa. Walimu wetu wapendwa nao wataona kwamba si porojo za vijana wanaotaka kutoroka vitabu.

Safari za shule tunazijua sote. Basi linajaa pomoni. Muziki unafunguliwa kuanzia langoni. Mahali sita panatembelewa kwa siku mbili, na kila mahali panapewa dakika ishirini za kupiga picha. Ukimuuliza mwenzako ameona nini Shimba Hills, atakwambia, "Aa, tulipita tu." Basi mzazi ameuza mbuzi ili mtoto akapite tu! Mimi nasema pesa hizo zina thamani kubwa kuliko hivyo.

Watu wengi hudhani kwamba kimya hupatikana kwa bahati: ukifika msituni na watu wasiwepo, umebahatika. La hasha! Kimya hupangwa. Tena cha kupanga kwanza si mahali bali ni saa. Msitu ule ule ulio mtupu saa saba mchana, alfajiri umejaa sauti. Ufuo ule ule unaouona maji matupu jioni, asubuhi yake ulikuwa uwanja wa kaa na kome. Anayepanga mahali na kusahau saa hufika, lakini hakuti kitu.

KWANZA: MSIMU

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi, nayo ndiyo pepo ya bahari tulivu na maji maangavu. Kusi huanza kuingia Aprili na kuvuma katikati ya mwaka. Bahari huchafuka, na mvua za masika humwagika, hasa mwezi wa Mei. Milimani Taita nako, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu na baridi hutanda kiasi cha kutoona mti ulio mbele yako.

Kwa hivyo kipindi bora kwetu ni mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa kwanza, ambayo mara nyingi huangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Kaskazi bado inavuma, barabara za udongo ni kavu, na masika hayajabisha hodi. Siku zenyewe ni chache, lakini safari hii haihitaji siku nyingi. Inahitaji siku zilizotumiwa vizuri.

PILI: MWEZI NA MAJI

Hapa ndipo wapangaji wengi hukwama. Wanatazama kalenda ya shule na kuisahau kalenda ya wavuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Jambo la kukumbuka ni hili. Siku za bamvua, maji yetu hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, kupwa huwa kumesogea hadi kiasi cha saa kumi jioni. Kwa hiyo mkitaka kuona maisha ya matopeni kule Gazi, tazameni mwezi kwanza. Yakiwa ni bamvua, nendeni asubuhi. Yakiwa ni maji mafu, badilisheni ratiba na mfike Gazi alasiri. Msiwe na shaka, mzee yeyote wa uvuvi atawathibitishia saa kamili bila ya kutazama kitabu.

TATU: NJIA NA MASAFA

Tuchukulie tunaanzia Mombasa. Safari nzima ni kiasi cha kilomita 550, ukitia na mizunguko midogo. Ratiba ninayopendekeza ni hii. Tumechukulia kwamba ni siku za bamvua.

Siku ya kwanza: Gazi na Kaya Kinondo. Basi liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna njia mbili za kuvukia kwenda kusini. Moja ni feri ya Likoni, yenye msongamano na kelele zake. Nyingine ni barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa Miritini na kupita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza. Kwa safari ya kimya, hii ya pili ndiyo afadhali: mnavuka hori huku mikoko imetandazwa chini yenu.

Gazi ni kijiji cha Wadigo kilicho kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Akina mama wa pale wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na mgeni hutembea juu yake bila kukanyaga mizizi. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutafaidi mara mbili, maana kile kinachoitwa "mikoko" na watu wa bara, wenyeji wanakipambanua. Kuna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui. Kuna mchu unaochomoza vijizizi kama penseli kutoka matopeni. Kuna mkandaa, kuna muia, kuna mlilana unaoota mbele kabisa baharini, na kuna mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira. Kenya nzima ina aina tisa za miti hii. Hebu jiulize ni wangapi kati yetu tungeweza kutaja hata tatu katika mtihani!

Mikoko ya Gazi ina kisa cha kufunza. Miaka ya 1970 sehemu yake kubwa ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani, pakabaki matope makavu. Baadaye watafiti na wanakijiji walianza kupanda upya. Mwaka wa 2013 ulianzishwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao wenyeji wa Gazi na Makongeni wanautumia kupata fedha kutokana na hewa chafu ya kaboni inayofyonzwa na kuhifadhiwa na mikoko yao. Fedha hizo zimesaidia maji na shule za vijijini. Mti uliosimama umekuwa na faida kuliko ule uliokatwa.

Mchana, baada ya chakula, rudini kaskazini kidogo hadi Kaya Kinondo, karibu na Diani. Kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, palipokuwa makazi ya mababu. Mwaka wa 2008 baadhi ya kaya hizi ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mgeni haingii ovyo. Huongozwa na mwenyeji, hujifunga kitambaa cheusi kiunoni, na hatoki na kitu, hata jani. Pale kimya si ombi la katibu wa safari. Ni sheria ya wenyewe, na ilikuwapo kabla ya shule yetu kujengwa.

Mkipita Diani, tazameni juu ya barabara. Mtaona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti hadi mti. Ni madaraja ya mbega, kima wale weusi wenye manyoya meupe, waliokuwa wakigongwa na magari. Watu walioziweka walifahamu kwamba dereva hatasimama, basi wakampa mnyama njia yake. Dereva wetu na apunguze mwendo hata hivyo.

Siku ya pili: Shimba Hills. Kutoka pwani mnarudi hadi njia panda ya Kombani, kisha mnapanda hadi mji wa Kwale. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka wa 1968. Ina vilima vyenye nyasi na msitu kwa pamoja, na humo ndimo pekee nchini Kenya walimobaki palahala wa porini, swara wakubwa weusi wenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Fikeni langoni linapofunguliwa. Jua likishakuwa kali, palahala na ndovu huingia kivulini na mtabaki kupiga picha nyasi.

Ndani ya hifadhi kuna maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21. Watu hushuka huko kwa miguu wakifuatana na askari wa wanyamapori. Hakuna gari wala honi, ni hatua zenu tu. Mkifika chini, kaeni. Msiwe watu wa kulowesha vidole na kukimbilia basi.

Aidha, mkumbuke kwamba msitu huu si pambo. Chemchemi za Marere, zilizo katika vilima hivi, hupeleka maji Kwale na Mombasa. Vivyo hivyo maji ya Mzima Springs, kule Tsavo West, hutokana na mvua inayonywewa na mawe ya volkano ya Chyulu, kisha husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Mwanafunzi anayefungua mfereji mjini anakunywa mvua ya milimani. Ndiyo maana nasema pwani na mlima visitenganishwe katika safari moja.

Siku ya tatu: barabarani hadi Wundanyi. Hii ndiyo siku ndefu, zaidi ya kilomita 200. Msiipangie kitu kingine chochote. Mnarudi kupitia Dongo Kundu, mnashika barabara kuu ya Nairobi, mnapita Mariakani na Maungu hadi Voi. Hapo mnapinda kushoto, barabara ya Taveta, mnapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha mnaanza kupanda kona baada ya kona hadi Wundanyi. Joto la Voi mtaliacha chini kama mtu avuavyo koti.

Siku ya nne: Ngangao. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya mlolongo wa milima mikongwe ambayo iliyobaki yote iko Tanzania: Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingineyo. Kilele cha juu zaidi cha Taita ni Vuria, mita 2,208. Sehemu kubwa ya misitu yake ilikatwa zamani ili kulima, na iliyobaki ni vipande vipande vilivyozungukwa na mashamba. Ngangao ni kimojawapo cha vipande hivyo.

Ndani yake anaishi ndege mmoja wa ajabu, jamaa ya kurumbiza, mwenye mdomo wa rangi ya machungwa na mbavu nyekundu-kahawia. Wataalamu humwita Turdus helleri. Hapatikani pengine popote duniani ila katika misitu michache ya Taita. Haimbii juani wala hajionyeshi. Hupekua majani makavu chini ya miti mikubwa, na akisikia kishindo hutoweka. Kundi linalopiga soga haliwezi kumwona hata likikaa wiki nzima. Kundi lililonyamaza laweza kumsikia akichakura majani, hatua chache tu kutoka lilipo. Ingieni saa kumi na mbili alfajiri na mwongozaji wa pale, tokeni saa tatu, nyweni chai, na ifikapo saa tano basi liwe linateremka.

Najua wapo watakaouliza, "Mbona hatupandi Vuria? Mbona hatuendi Ziwa Chala?" Jibu ni kwamba siku haina nafasi. Kanuni ninayopendekeza ni mahali pawili kwa siku, pasizidi, na siku ya mwendo mrefu pasiwe na mahali hata pamoja. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika sita!

NNE: USALAMA

Hapa sina mzaha. Mnamo Machi 2024 basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na lori pale Maungu, karibu na Voi, na wanafunzi 11 wakapoteza maisha. Ni barabara hiyo hiyo tutakayopita. Malori ya kwenda na kutoka bandarini hayapungui mchana wala usiku. Kwa sababu hiyo ratiba isiruhusu hata mara moja gari letu kuwa njiani baada ya giza. Ikiwa mmechelewa, futeni mahali, msiongeze mwendo.

Dereva aingizwe katika kamati tangu siku ya kwanza. Aulizwe: anahitaji kupumzika wapi? Gari linakula lita moja kwa kilomita ngapi? Breki zimeangaliwa lini, maana mteremko wa Wundanyi hadi Mwatate si mchezo? Alale mapema usiku wa kuamkia siku ya tatu na ya nne, na asiombwe kukaa kwenye stori na wanafunzi hadi usiku wa manane. Mwenda pole hajikwai.

TANO: GHARAMA

Sitaandika bei hapa, kwa sababu ada na mafuta hubadilika. Nitaandika njia ya kuhesabu. Gawanyeni kilomita 550 kwa kilomita ambazo gari hukata kwa lita moja. Mtapata lita za mafuta. Zidisheni kwa bei ya wiki hiyo, na mwongeze sehemu moja ya kumi kwa dharura. Ada ya Shimba Hills hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori (KWS) kupitia mtandao, si kwa pesa taslimu langoni. Wanafunzi hupata nafuu, lakini barua ya shule itangulie mapema.

Malazi ndiyo humeza pesa. Dawa yake ni kuziandikia shule za bweni za Kwale na Wundanyi. Mapumziko yale ya katikati ya muhula mabweni yao huwa wazi, nasi twaweza kuwalipa kwa mchango mdogo, au wakaja kwetu wakati wao. Waongozaji wa Gazi, Kinondo na Ngangao walipwe bila kubishana bei kama sokoni. Kazi yao ni elimu, na msitu usiowalisha wenyeji wake hauna wa kuulinda.

SITA: KIMYA CHENYEWE

Sasa tumefika, saa ni nzuri, maji yamepwa. Kimya kinafanyikaje kwa vijana zaidi ya ishirini? Haya ndiyo mapendekezo yangu.

Watu wasizidi 24, wagawanywe makundi matatu ya wanane, kila kundi na mwalimu au kiongozi wake. Makundi yasiingie msituni pamoja. Yapishane kwa dakika kumi na tano.

Simu zizimwe na zikusanywe, isipokuwa ya mwalimu. Kila kundi liwe na kamera moja tu.

Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo. Shati jekundu la timu libaki nyumbani. Sweta isisahaulike kwa ajili ya Wundanyi. Wengi hudhani safari yote ni joto.

Kila mahali pawe na robo saa ya kukaa bila kusema neno. Kila mtu awe na daftari, aandike alichosikia, si alichoona. Jioni tusomeane, na tutafute jina la Kiswahili la kila sauti. Nyoka hutambaa, majani huchakarika, maji huporomoka, ndovu huvunja tawi, nyuki huvuma. Lugha yetu ina vitenzi tele vya sauti, lakini atavijuaje mtu ambaye hajapata kunyamaza akasikia?

Tusalimie kabla ya kuuliza. Tupige hodi. Tusimpige mtu picha bila idhini yake. Takataka zote zirudi nasi katika gunia, hata ganda la ndizi.

Yaliyobaki ni ya kawaida: barua za idhini ya wazazi, mwalimu wa kike kwa ajili ya wasichana, kisanduku cha huduma ya kwanza, vyandarua, maji ya kunywa, na vyakula visivyoharibika upesi. Mahamri ya siku ya kwanza, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha kwa siku ya tatu.

Wenzangu, wapo watakaosema safari bila muziki ni matanga. Nawaheshimu. Lakini muziki uko hapa shuleni kila Jumamosi, na hautapungua tukiuacha siku nne. Msitu wa Ngangao umekuwa ukipungua tangu zamani, na Gazi ilibidi ipandwe upya kwa mikono. Tukienda kwa kelele tutarudi na picha za nyuso zetu. Tukienda kwa kimya tutarudi na majina ya miti, sauti za ndege, na hoja za kumweleza mzazi pesa zake zilikokwenda.

Mkutano wa kupigia kura pendekezo hili utatangazwa ubaoni. Anayetaka kuongeza au kupunguza aje na hoja zake, na aje na kalenda ya mwezi mkononi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwaherini kwa sasa.